Kiungulia Kilichoniozesha

Ujiji, Kasingirima
Jumamosi, baada ya magharibi

Mwanangu Zuhura,

Kwenye kisomo tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naijua: saa hizi uko Katubuka kwa rafiki yako mnaagana, mnalia kidogo na kucheka sana. Ya kwangu ni hii: nimekula samaki wa mgebuka na ugali wa muhogo, nimekula mapema, nimekula kidogo, na sasa natakiwa nikae wima mpaka chakula kishuke. Ndiyo maana unapata barua ndefu. Ningekuwa na tumbo kama la baba yako, anayemaliza sinia akalala papo hapo, ungepata mistari miwili na salamu.

Sitakuandikia habari za kufua soksi wala za kufungia sabuni sandukuni. Hayo umeyasikia wiki nzima, mpaka juzi ukaniambia, "Mama, la soksi ulishalisema mara nne." Basi nimeliacha. Nataka tuzungumze juu ya kile kifurushi.

Leo mchana ulipokwenda kuteka maji nilifungua sanduku lako la bati nikuongezee kanga. Chini kabisa, chini ya sketi za shule, ndani ya gazeti, nikakuta mafungu matatu ya udongo, ule wa kula unaouzwa sokoni, na bonge la magadi kubwa kama ngumi yangu. Ulipoingia nikakuuliza. Ukanijibu bila hata kupepesa macho, "Ya kuchemshia maharage, mama." Kama vile shule nzima imekaa na maharage mabichi inakungoja wewe na magadi yako. Nikasema, na udongo? Hapo ukafikiri kidogo.

"Wa somo la jiografia."

Nilitoka uani nikacheka nikiwa nimeshika ukuta. Halafu kicheko kikaniishia, nikabaki nimeshika ukuta.

Kwa sababu mwanangu, hakuna unachoweza kunificha hapo. Hiyo midomo unayoifuta kwa ncha ya kanga naijua. Hayo mate ya alfajiri nyuma ya choo nayajua. Najua ule moto unaoanzia kwenye chembe ya moyo ukapanda polepole mpaka kooni, kisha maji machungu yakaja mdomoni kana kwamba umelamba ndimu yenye kutu. Kinaitwa kiungulia. Bibi yako aliyenizaa alikiita kwa Kiha chake, ikirungurira, na alikuwa nacho. Mimi ninacho. Sasa umekirithi wewe. Watoto wa wenzetu wanarithi michikichi.

Na najua kwa nini unakificha. Hapa kwetu msichana akionekana anatema mate na kula udongo, hakuna anayemuuliza amekula nini. Watu wanaanza kuhesabu miezi. Na msichana wa shule akishaanza kuhesabiwa miezi anarudishwa nyumbani kabla hajamaliza kujieleza. Hayo nayajua kuliko mtu yeyote Kasingirima hii. Wewe umekua ukisikia kwamba mama yako aliacha shule kwa sababu aliolewa. Si uongo, ila imesimuliwa kinyumenyume. Niliolewa kwa sababu niliachishwa shule, na niliachishwa shule kwa sababu ya kiungulia.

Kaa vizuri nikueleze, maana mgebuka bado hajashuka.

Ulikuwa ule mwaka baada ya Uhuru. Nilikuwa darasa la sita, na umri wangu miaka kumi na minane. Usishangae. Zamani zile tulianza shule tumeshakomaa. Darasani kwetu walikuwamo wavulana wanaonyoa ndevu kabla ya paredi. Bibi yako alibaki kijijini na shamba lake, mimi nikaletwa hapa Ujiji kukaa kwa shangazi yangu Mwamini ili nisome. Ndiye huyo wewe unamwita Bibi Mwamini. Umemjua akiwa mzee, amepoa. Siku zile alikuwa hajapoa.

Mapishi yake unayajua, hayo hayajabadilika. Chakula kisichoogelea ndani ya mawese aliona ni kumtukana mlaji. Na pilipili aliitia mpaka mpishi mwenyewe apige chafya. Mimi asubuhi natoka na njaa, mchana sina kitu, na nyuma ya soko palikuwa na kijana mmoja anauza kahawa, anagonganisha vikombe mkononi kama anapiga ngoma. Mtihani ulikuwa karibu, nikawa napita pale kunywa vikombe viwili vitatu ili nisisinzie kwenye hesabu. Tumbo tupu, kahawa chungu. Nikifika nyumbani usiku nakula mlima wa chakula cha Shangazi, naosha vyombo nimeinama, kisha najitupa kitandani. Ungeniuliza nikitengenezee kiungulia njia nzuri zaidi ya hiyo nisingeijua.

Kilikuja. Nami nikakificha, kama wewe. Nikanunua udongo, kama wewe. Nikaufunga kwenye karatasi ya daftari nikauweka chini ya godoro, na huko ndiko Shangazi alikoukuta siku alipokuwa akisaka kunguni.

Aliniita jikoni, akafunga mlango. Mazungumzo yetu nayakumbuka neno kwa neno, kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikiyarekebisha kichwani.

"Tatu, kitu hiki kimekuanza lini?"

"Tangu ulipoisha mwezi wa Ramadhani, shangazi."

Akahesabu kwa vidole, kimyakimya.

"Na umekipata wapi?"

Mimi nikajua ameshatambua habari ya kahawa. "Kwa Rajabu."

"Rajabu yupi?"

"Huyo wa nyuma ya soko."

"Yalaa. Mara moja?"

"Kila nikitoka shule. Siku za mtihani mara mbili."

Shangazi akavuta kibao cha mbuzi akakalia, meno ya mbuzi yenyewe yako upande wake, wala hakuyahisi.

"Na yeye anajua kwamba unaumwa hivi?"

"Nilimwambia. Amesema ni kawaida, nitazoea."

Sijawahi kuona mtu anavaa baibui haraka kama alivyovaa Shangazi siku ile.

Mwanangu, utaona kwamba katika maneno yote hayo neno mimba halikutajwa hata mara moja. Shangazi hakulitaja kwa heshima, nami sikulitaja kwa kuwa halikuwamo kichwani mwangu. Tulikuwa tumekaa jikoni pamoja, kila mmoja na mazungumzo yake. Nilipokwenda kulala nilikuwa najisikia vibaya kwa kunywa kahawa bila ruhusa.

Asubuhi yake, kabla sijafunga hata kamba za viatu, Shangazi ameshafika shuleni na kurudi. Mwalimu mkuu alikata jina langu kwenye daftari la mahudhurio kwa wino mwekundu. Sikuwapo, huenda haukuwa mwekundu, lakini nikiota huwa ni mwekundu.

Jioni wazee wa pande mbili wakakaa. Baba yako akaitwa kutoka nyuma ya soko, akaja na mdila wake wa kahawa mkononi, amedhani ameitwa kuwahudumia. Ukoo wao, unajua, walivuka ziwa kutoka Kongo, na kila mara walikuwa wakihisi wanatakiwa wawe na adabu kuliko wenyeji. Wakamuuliza, "Unamjua binti huyu?" Akasema, "Namjua." Wakamuuliza, "Uko tayari?" Akatazama mdila, akanitazama mimi nyuma ya pazia, akasema, "Niko tayari."

Miaka baadaye nilimuuliza kwa nini hakukataa. Akanijibu, "Nilidhani wananiuliza kama nakutaka."

Sasa linakuja kosa langu, na hili sijawahi kumwambia mtu, hata yeye. Siku ya pili nilielewa. Bibi yako aliletwa kutoka kijijini, akanikumbatia akilia, akaninong'oneza kwa Kiha swali ambalo Shangazi hakuniuliza kwa Kiswahili. Nikamjibu hapana, sina. Akanitazama, akaniamini. Akasema, "Basi toka ukawaambie mwenyewe, mimi wataona nakuficha." Nilikuwa na siku tatu nzima kabla ya harusi za kutoka nikawaambia, na sikutoka.

Nimejiuliza sana kwa nini. Aibu ilikuwamo, ndiyo. Lakini kulikuwa na mengine madogo madogo. Shangazi, ambaye hakuwahi kunipa zaidi ya shingo ya kuku, alikuwa ameanza kuniwekea paja. Nilikuwa nimechoka na hesabu za magaloni yanayovuja. Na Rajabu alikuwa na namna ya kucheka. Nikasema moyoni, acha kwanza, yatajirekebisha yenyewe. Hivyo ndivyo ninavyokumbuka shule yangu ilivyokwisha, Zuhura. Hakuna aliyenipiga wala kunifukuza kwa fimbo. Nilikuwa na sentensi moja ya kusema, nikaimeza, nayo ikawa inapanda na kushuka kama kiungulia mpaka leo.

Baba yako simjutii, usinielewe vibaya. Ni mume mzuri. Ila ningempata tu hata kama ningemaliza darasa la saba. Kahawa yake isingehama.

Basi nikaolewa, na kazi ya kulea mimba isiyokuwapo ikaanza. Shangazi alikuwa anakuja kila siku na bakuli. Mchuzi wa mawese, dagaa wa mawese, maharage ya mawese, ili mtoto atoke mlaini. Kiungulia nacho kikafurahi, kikapanda mpaka masikioni. Kila nikijishika kifua Shangazi anatabasamu: "Ni nywele hizo. Mtoto atakuja na nywele mpaka mabegani." Akanifunga kibwebwe cha kanga tumboni kwa nguvu, eti mtoto asipande juu. Asiyepanda alikuwa mtoto. Chakula kilipanda chote.

Mwezi wa tisa ukafika, tumbo langu ni hili hili. Shangazi akasema mtoto huyu anajivuta. Mwezi wa kumi akasema kuna wanawake wa ukoo wetu walichelewa. Mwezi wa kumi na moja majirani wakaanza kutaja mimba ya tembo. Hapo baba yako, bila kumuuliza mtu, akanipeleka zahanati. Shangazi akatufuata nyuma amebeba nepi.

Mganga wa zahanati alikuwa kijana, Muha mwenzetu, mpole. Akanipima, akaniuliza maswali kwa Kiha na kwa Kiswahili: nakula nini, nakula saa ngapi, nikishakula nafanya nini. Lilikuwa jambo geni kwangu, mtu kuniuliza nakula nini. Kisha akamgeukia Shangazi.

"Mama, huyu hana mimba. Ana kiungulia."

"Kiungulia cha mtoto."

"Cha chakula."

Shangazi akakunja nepi moja, akaifunua, akaikunja tena. Akasema, "Na mahari tumeshakula."

Yule mganga alinieleza jambo ambalo nakueleza na wewe, kwa kuwa nililielewa siku hiyo hiyo na sijalisahau. Dirishani kwake palikuwa na chupa ya mawese imezibwa kwa gunzi la mahindi, kama tunavyoziba wote. Akasema ndani ya tumbo mna maji makali ya kusaga chakula, na Mungu ametia kizibo pale juu ili yasipande kooni. Watu wengine kizibo chao kinakaza. Chako, akasema, kimelegea kidogo. Akailaza chupa juu ya meza. Gunzi likaanza kulowa, tone likatoka. "Unaona? Ukishiba ukalala, umeilaza chupa iliyojaa." Akaisimamisha, akaibana ubavuni. "Na hiki ni kibwebwe." Akaniambia kahawa, pilipili, mafuta mengi, na tumbaku kwa wanaovuta, huzidi kukilegeza kizibo, ingawa kila mtu ana adui yake na inafaa amjue mwenyewe. Nikamuuliza, je nikila kidogo? "Chupa nusu ukiilaza?" Nikasema haivuji sana. Akasema, "Umemaliza shule."

Alikuwa anatania. Nililia, akadhani kifua kinauma.

Kutoka pale nilipita shuleni. Nilikuwa bado na nguo za kwendea zahanati. Mwalimu mkuu alinisikiliza, akasikitika kwa kweli, akasema, "Lakini sasa wewe ni mke wa mtu." Daftari lilikuwa juu ya meza, limefungwa. Sikuomba kulifungua.

Yaliyofuata ulishayasikia kwa upande mwingine, kwa kuwa mwaka uliofuata wewe ulikuja, na safari hii ulikuwa wewe kweli. Nilipomwambia Shangazi nina mimba alinicheka usoni. "Kiungulia hicho. Punguza mawese." Mwezi wa sita bado ananiambia nipunguze mawese. Alikuja kuamini siku uliyompiga teke akiwa ameegemea tumbo langu ananisuka. Kiungulia kilinichoma kwa miezi tisa bila kupumzika, Shangazi akajirudia, akasema sasa ndiyo nywele zenyewe, tutanunua vitana. Ulizaliwa na kichwa kama yai. Mpaka unatimiza mwaka tulikuwa tunakufunika kitambaa watu wasiulize.

Katika mimba hiyo yule mganga aliniambia niinue kitanda upande wa kichwani, kwa matofali, kichwa na kifua vikae juu kuliko tumbo. Akakataza kurundika mito, maana mito inakukunja tumbo katikati. Baba yako akatia tofali moja kila mguu wa upande huo. Kwangu ilikuwa kama nimehamia peponi. Yeye usiku wa kwanza aliteleza, akaamka yuko miguuni kama paka. Wa pili akajifunga na kanga kwenye chaga. Wa tatu akazoea, na sasa akilala kwenye kitanda cha watu anasema kinamwinamishia kichwa.

Mwaka ule sukari ilipoadimika, unakumbuka, mjumbe wa nyumba kumi alikuja na sura ya serikali. Amesikia kwamba kwa Rajabu kitanda kimeinuliwa ili pafichwe magunia. Akapiga magoti, akaingiza kichwa uvunguni, akatoka na utando wa buibui kwenye kofia.

"Hakuna sukari," akasema, kama tumemvunja moyo.

"Ni kwa ajili ya kiungulia, mzee," nikamwambia.

Akajipangusa magoti. Akaangalia mlangoni kama kuna mtu. "Hicho ndicho kinachopanda hapa, usiku, kichungu?"

"Hicho hicho."

"Matofali mangapi?"

Nimekueleza hili ili ujue. Mwanaume mzima, mwenye kofia, alikuwa amekificha miaka mingapi sijui. Nilipokitaja tu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja mafua, na yeye akakitaja. Laiti ningejua jikoni kwa Shangazi kwamba ni rahisi hivyo.

Sasa sikia. Ule udongo nimeutupa ziwani na magadi nimeyarudisha jikoni yalikotoka, maana na mimi nilikuwa nashangaa yameishaje. Magadi yanazima moto kwa saa moja, kisha tumbo linazidi kuwaka, na ukiyazoea yanakudhuru. Udongo unakuletea minyoo na kukumalizia damu. Hayo ni maneno ya mganga. Langu mimi ni kwamba vitu hivyo viwili vina sura ya kitu kingine. Siku ya ukaguzi wa masanduku, matroni akivikuta, hataona magadi. Ataanza kuhesabu kwa vidole, kama Shangazi.

Mambo ya kula sina haja ya kukuchosha nayo, chupa na gunzi vinatosha, mengine utajisomea mwenyewe ndani ya tumbo lako. Chakula cha shule hutakichagua. Lakini kiasi utakichagua, na saa ya kujilaza utaichagua. Wenzako wakikimbilia kitandani baada ya ugali, wewe kaa usome hata kwa muda wa saa mbili. Utafaulu kwa ajili ya kiungulia, na itakuwa fidia yangu. Bibi Mwamini kesho atakuletea chupa ya mawese ya pilipili ya kusafiria. Pokea kwa mikono miwili, mwambie shikamoo na asante, kisha wagawie wasichana wenye vizibo vizuri.

Kuna kitu kimoja sitaki ukifanyie utani. Ikitokea chakula kinakwama kinapopita, au unakonda bila sababu, au unatapika kitu chenye damu au cheusi kama machicha ya kahawa, au choo kinakuwa cheusi kama lami, au kifua kinabana mpaka mkononi na pumzi inakuwa shida, hicho kimeshavuka kiungulia changu na chako. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, wala usingoje kuniandikia kwanza.

Zuhura, mimi naandika barua hii kwa sababu mwaka ule walipofungua kisomo cha watu wazima nilikuwa wa kwanza kukaa kwenye mkeka. Kabla ya hapo hesabu na mwandiko vilikuwa vimeanza kunitoka. Darasa lenyewe tulilijenga wenyewe, tukafyatua matofali kule bondeni, akina mama na watoto mgongoni. Mwalimu aliponikabidhi daftari jipya jina langu likiwa juu yake, niliutazama mstari ule kuona kama umekatwa. Haukuwa umekatwa. Sasa jina lako liko kwenye daftari la shule kubwa kuliko zote nilizowahi kuziota. Sitaki likatwe kwa sababu ya gunzi lililolegea.

Ndiyo maana, mahali pa kile kifurushi, ambacho najua utakitafuta usiku huu, nimeweka barua hii. Na chini ya barua, ndani ya lile lile gazeti, nimeweka matofali mawili. Ni yale yaliyobaki tulipojenga darasa, nimeyafyatua mimi. Moja lina alama ya kidole changu pembeni, utaiona.

Najua utasema kule Tabora yako matofali. Yako. Lakini nakujua, hutayaokota. Ungeona haya ya kuulizwa. Haya ya kwangu utaona aibu kuyatupa, hivyo utayatumia. Na ukishayaweka chini ya kitanda, utaulizwa tu. Nasikia huko mnalala vitanda vya ghorofa. Msichana wa juu yako ataamka usiku wa kwanza amejikusanya miguuni kama baba yako, na atataka maelezo. Bweni zima litataka. Matroni atakuja na tochi.

Udongo ungeweza kuuficha mwaka mzima. Kitanda kilichoinama hakifichiki hata siku moja. Basi utafungua mdomo, utasema kwa sauti ya kawaida, "Nina kiungulia, nimekirithi kwa mama yangu," na utampa matroni cheti nilichokwenda kuandikiwa na yule mganga alasiri hii, ambacho kimo kwenye bahasha hii. Sentensi yenyewe ni fupi. Nimeijaribu hapa mezani mara kadhaa, wala haikwami kooni.

Nafikiri mgebuka ameshashuka. Kuna kitu kingine bado kimekaa hapa, juu kidogo ya pale kiungulia kinapokaa. Nimekunywa maji, hakijashuka. Nadhani nitakwenda nacho stesheni kesho.

Nasikia kicheko chako kule njiani, kwa hiyo naikunja barua. Baba yako ndiye atakayebeba sanduku. Amelijaribu jioni hii, akaliinua mpaka magotini, akalitua, akanitazama.

"Mama Zuhura, humu mna nini?"

"Vitabu," nikamwambia.

Alifurahi, mwanangu, mpaka akakaa chini. Akasema, "Vizito kama matofali."

Nikamwambia ndiyo, ni vya sekondari. Usimwambie mpaka gari moshi liondoke.

Ni mimi mama yako, nikiwa nimekaa wima,
Tatu